Ua la Uani Lililoingia Msituni

Mwezi huu hatutawapeleka mbali. Twataka kusema habari ya mmea mmoja ulio karibu nasi sana, hata tumekwisha kuuzoea wala hatuuangalii tena. Kila mtu atokaye Mbagala kwa miguu kuja Chamazi, akaiacha barabara kubwa na kushika njia za ndani, hana budi kuuona. Uko kwenye nyua za nyumba, uko kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga, uko chini ya mikorosho ya zamani isiyopaliliwa, tena umesimama kando ya mabonde kama boma lisilo na mlango.

Ni kichaka kirefu kumpita mtu. Shina lake lina pembe nne, na mara nyingi lina vimiiba vidogo vilivyopinda vishikavyo nguo. Majani yake yanakwaruza kama msasa, na ukiyafikicha hutoa harufu kali. Maua yake ni madogo, yamekusanyika pamoja mfano wa kishada, na katika kishada kimoja waweza kuona rangi ya manjano, ya machungwa, nyekundu na ya waridi. Maua yakiisha huja vitunda vya kijani, navyo vikiiva huwa vyeusi vya kung'aa. Wataalamu huuita Lantana camara. Kila mahali watu wana jina lao kwa mmea huu. Basi tusije tukagombea majina, hapa tutasema lantana tu.

Twajua wengi watasema, "Ni ua zuri, limetukosea nini?" Ndiyo, ni zuri, na uzuri wake ndio uliolisafirisha. Nchi yake ya asili ni Marekani ya Kati na ya Kusini pamoja na visiwa vya Karibi. Katika karne ya 17 Waholanzi waliuchukua mmea huu wakaupeleka Ulaya, na huko watunza bustani wakauchanganya aina kwa aina hata wakapata rangi nyingi. Kutoka Ulaya ukapelekwa kila nchi ya joto ambako Wazungu walikaa, ili kupamba bustani zao na kuzungushia nyumba zao. Ulifika India mwanzoni mwa karne ya 19, ukafika Australia, ukafika visiwa vya Hawaii, ukafika Afrika ya Mashariki. Hakuna aliyeupanda kwa nia mbaya. Leo huko Australia peke yake umeshika zaidi ya hekta milioni 4 za nchi, na shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, liitwalo IUCN, limeutia katika orodha ya viumbe wavamizi 100 walio wabaya kupita wengine duniani.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini huyu ni mgeni wa namna nyingine. Yeye alipewa ua wa nyumba akae, naye akatoka uani akaenda kutwaa msitu. Yatupasa kujua alitokaje, maana asiyeijua njia ya mwizi hawezi kuuziba ukuta wake.

Njia yake ya kwanza ni ndege. Mmea mmoja uliokomaa waweza kuzaa vitunda hata 12,000 kwa mwaka. Vitunda hivyo ni vitamu kwa shorewanda na kwa ndege wengine walao matunda. Shorewanda hula uani kwako asubuhi, kisha huruka, hutua juu ya mti wa mbali, naye huacha mbegu pale atuapo. Hajui kwamba amepanda, wala wewe hujui kwamba umemtuma. Ndiyo sababu utaona lantana imeota chini ya mwembe uliosimama peke yake uwandani, mahali ambapo hakuna mtu aliyeipanda. Ndege alitua hapo kupumzika.

Njia yake ya pili ni mikono yetu. Tukatapo matawi ya uani na kuyatupa kwenye kiwanja kisicho na mtu, baadhi ya matawi hayo hushika udongo wenye unyevu yakatoa mizizi. Tena mtu akikata shina kwa panga na kuliacha tako lake ardhini, hajaua kitu. Hata mwezi mmoja haupiti, machipukizi manne au matano yasimama mahali pa shina moja. Na akiutia moto, moto hula majani na matawi, lakini tako lililo ndani ya udongo hubaki hai. Mvua zikinyesha huinuka tena, na majirani zake waliokuwa dhaifu hawainuki. Hivyo moto ambao tulidhani ni adui yake humsafishia shamba.

Njia yake ya tatu ni ya siri. Majani yake yaangukayo na mizizi yake ina sumu izuiayo mbegu za mimea mingine zisiote vema. Kwa hiyo lantana haigombei mahali kwa wingi tu; yalitia dawa shamba la jirani. Pakisha kuwa na kichaka kinene, miche ya miti ya asili iliyo chini yake hukosa mwanga, hukosa nafasi, na udongo wenyewe huwa mchungu kwake.

Sasa, wasomaji wetu, tazameni mahali tunapokaa. Chamazi iko pembeni mwa wilaya ya Temeke. Upande wa magharibi, Kisarawe, iko milima ya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi. Upande wa kusini, Mkuranga, uko msitu wa Vikindu. Hiyo ni mabaki ya misitu ya pwani, ambayo zamani ilikuwa mingi, na leo imekatika vipande vipande kama nguo iliyochakaa. Lakini mabaki hayo yana mali ambayo haipatikani penginepo. Iko miti miwili ambayo wataalamu waliipa jina la Pugu lenyewe, Baphia puguensis na Millettia puguensis, maana huko ndiko walikoijua. Nayo haipatikani ila katika sehemu ndogo ya pwani yetu. Yuko na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, rangi yake nyekundu mbele na nyeusi nyuma. Huyu hupita chini ya miti akichakura majani makavu kutafuta wadudu, na kwa majani hayo hayo hujitengenezea kiota chake chini. Msitu ukikosa miti ya kumwaga majani hayo, sange naye hana chakula wala kitanda.

Hapa twapenda msomaji aangalie neno moja, maana ndilo kiini cha habari yetu. Lantana ni mtoto wa jua. Katika msitu mzima, ambao vilele vya miti yake vimefungamana na chini ni giza, lantana haistawi. Ndege waweza kuleta mbegu kila siku. Zitaota chache, zitanyauka, zitakufa. Msitu mzima ni nyumba yenye mlango uliofungwa. Ni nani basi afunguaye mlango? Ni shoka. Mtu akikata mti mmoja ili achome mkaa, jua huingia pale aliposimama mti ule. Akikata kumi, pawa uwanja. Njia ya baiskeli na pikipiki za kubebea magunia hufanya ufa mrefu, na jua hupita katika ufa huo. Ndipo ile mbegu iliyoletwa na shorewanda toka uani kwetu hupata ilichokuwa ikingoja. Mahali ambapo palipaswa kuota mche wa mti wa asili, wa kuliziba lile tundu katika miaka ishirini ijayo, pameota kichaka. Kichaka hicho kikikauka wakati wa kiangazi huwa kuni tayari, na moto wa shambani ukifika ukingoni mwa msitu hupata ngazi ya kupandia. Moto hufungua mlango zaidi, na lantana huingia zaidi. Kwa hiyo nyumba moja ya mjini yaweza kuuumiza msitu mara mbili bila kuukanyaga hata mara moja, kwanza kwa mkaa uliomo jikoni, na pili kwa ua lililo uani.

Huenda msomaji mmoja akauliza, "Je, mambo haya ni ya kweli, ama ni hofu ya waalimu tu?" Tumpeleke Amani, katika milima ya Usambara ya mashariki, wilaya ya Muheza, tukamwonyeshe mgeni mwingine aliyepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1902 Wajerumani waliweka huko Amani kituo cha kuchunguza mimea, wakaleta miti ya kila nchi kuijaribu. Mmoja katika miti hiyo ni ule ambao Waganda huuita musizi, na jina lake la kitaalamu ni Maesopsis eminii. Angalieni, huu si mti wa Ulaya wala wa Marekani. Kwao ni Bukoba, ni Uganda, ni Kongo. Huko una majirani waliokua nao tangu zamani, nao hukaa kwa adabu. Lakini Amani ulikuwa mgeni.

Hapo kwanza haukuleta shida kubwa. Kisha, katika miaka ya 1960 na 1970, miti mikubwa ya asili ilikatwa kwa mbao katika sehemu za Kwamkoro, na musizi ukapandwa mahali pake kwa kuwa hukua upesi. Wenye kupanda walifanya hesabu njema ya mbao. Hawakumhesabu hondohondo. Ndege huyu mwenye mdomo mkubwa hulipenda sana tunda la musizi, hulimeza zima, huruka nalo juu ya mabonde, huiacha mbegu mbali. Popote penye mwanya, penye mti ulioanguka au uliokatwa, musizi ukaota, ukakua mbio kuliko miti ya asili, ukatwaa nafasi. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliochunguza misitu hiyo walipiga kelele, maana waliuona musizi umeenea mahali pengi ambapo hakuna mtu aliyeupanda. Mahali pa msambu, mti wa asili wa milima hiyo ambao mbegu zake hutoa mafuta na wenyeji huziokota ili wajipatie fedha, palikuwa pakichukuliwa na mti usio na mafuta. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya misitu hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia ya Amani.

Liko neno la faraja katika habari ya Amani, nasi hatutaki kulificha. Wataalamu wengine waliochunguza baadaye waliona kwamba chini ya kivuli cha musizi mkubwa, watoto wa musizi wenyewe hawastawi, ila miche ya miti ya asili yaweza kuota na kuinuka polepole, maadamu watu hawaendelei kuukata msitu. Yaani mlango ukifungwa, mgeni huzeeka asipate mrithi. Lakini mlango ukiachwa wazi, kila mwaka huzaliwa upya. Basi twaona kwamba nguvu ya mmea mgeni haimo katika mmea peke yake. Nusu yake imo mikononi mwetu.

Tulipokuwa tukizungumza habari hizi na jamaa zetu hapa Chamazi, mama mmoja mwenye watoto wanne alitujibu kwa maneno ambayo hatukuweza kuyapuuza. Alisema, "Shikamoo, mwalimu." Tukamjibu, "Marahaba, mama." Akaendelea, "Hayo ya msitu nimeyasikia, tena ni maneno mazuri. Lakini msitu uko Kisarawe, na mbu yuko hapa kitandani kwa wanangu. Ua hili nimelipanda mimi kwa mikono yangu kwa sababu niliambiwa lafukuza mbu. Mkiling'oa, je, homa ikija mtakuja kulala hapa ninyi?"

Watu waliokuwapo walicheka, lakini sisi hatukucheka, maana mama huyu hakusema upuzi. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu ya Tanzania, ambao ulionyesha kwamba nyumba zilizozungushiwa lantana ziliingiwa na mbu wachache kuliko nyumba zisizo nayo. Kwa hiyo mama ana ushahidi upande wake, na mwalimu amwambiaye kwamba ua lile halina faida yoyote amwambia uwongo. Mti usipate kuhukumiwa kwa uwongo, hata ukiwa mbaya.

Walakini yafaa kuweka na jambo la pili katika mizani. Huko Busoga, Uganda, ulizuka ugonjwa wa malale mwaka 1976, ukaendelea miaka mingi ukaua watu wengi. Mashamba ya kahawa na pamba yalikuwa yameachwa bila kutunzwa kwa sababu ya taabu za nchi wakati ule, na lantana ikayafunika mpaka karibu na milango ya nyumba. Wachunguzi waliona kwamba mbung'o, ambao kwa desturi hukaa kando ya mito, walipata kivuli na unyevu katika vichaka hivyo, wakakaa jirani na watu na ng'ombe. Basi mmea ule ule umzuiao mbu mlangoni, ukiachwa ukawa pori, waweza kumkaribisha mdudu mwingine aliye mbaya vile vile. Uzio uliokatwa vizuri ni kitu kimoja. Kichaka kilichoachwa ni kitu kingine.

Tukamjibu mama yule hivi, na ndivyo tunavyowajibu wasomaji wetu wote. Kwanza, chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vema chini ya godoro, kina nguvu ya kumlinda mtoto usiku kuliko ua lolote. Nacho kisipotumika, ua halitamwokoa. Pili, maji yaliyotuama katika madumu na matairi uani ndiyo mazalio ya mbu wa namna nyingi, na kuyamwaga hakuna gharama. Tatu, watu wa pwani tangu zamani hutumia kivumbasi kufukuza mbu. Nacho hupandwa karibu na mlango, wala hakifanyi boma la miiba. Nne, kama mtu hawezi kuiondoa lantana yake leo, basi na aikate vichwa vya maua kabla havijazaa vitunda. Kitunda ndicho mabawa yake. Lantana isiyozaa ni mfungwa wa uani. Hukaa pale ulipoipanda.

Mama alisema atafikiri. Nasi twaona hilo ni jibu la mtu mzima, ni bora kuliko "ndiyo" ya kutupendeza tu.

Liko pia jambo la watoto na mifugo, ambalo kila nyumba yapaswa kulijua. Majani ya lantana yana sumu iumizayo ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mnyama aliyekula majani mengi huacha kula, macho na ufizi huwa manjano, na ngozi yake hushindwa kuvumilia jua hata ikababuka, hasa puani na masikioni, mahali penye manyoya machache. Wengine hufa. Mnyama aliyezaliwa mahali penye mmea huu mara nyingi huujua akauepuka. Lakini mgeni aliyenunuliwa mnadani, au mwenye njaa wakati wa kiangazi wakati majani mengine yamekauka, huula. Na vitunda vya kijani ni sumu kwa mtoto. Watoto wengi hula vile vyeusi vilivyoiva na hawadhuriki, lakini mtoto mdogo hawezi kutofautisha kilichoiva na kisichoiva. Kwa hiyo wafundisheni wasile vyote. Na mtoto akiwa amekula vya kijani, asitibiwe kwa kubahatisha nyumbani. Apelekwe zahanati upesi, na mzazi achukue tawi mkononi ili mganga ajue ni kitu gani.

Wengine watauliza, "Je, wataalamu hawana dawa?" Wamejaribu kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1902 serikali ya Hawaii ilimtuma mtu aitwaye Albert Koebele kwenda Mexico kutafuta wadudu walao lantana, akapeleka wa aina nyingi. Tangu wakati huo wadudu kama hao wamepelekwa nchi nyingine nyingi, na mahali pengine wameipunguza nguvu, lakini hakuna nchi kubwa waliyoimaliza. Katika miaka ya 1960 mdudu mmoja wa namna hiyo, Teleonemia scrupulosa, alifunguliwa huko Uganda ili aile lantana. Akaila kweli, lakini upande wa Serere alionekana pia juu ya ufuta wa wakulima. Tangu hapo watu walijifunza kwamba mgeni wa kumfukuza mgeni lazima apimwe sana kabla ya kupewa ruhusa. Tusingoje mdudu, basi. Iko dawa nyingine, nayo ni jembe na subira.

Haya ndiyo tunayowaomba wenye nyumba kufanya. Ng'oeni lantana wakati wa mvua, udongo ukiwa laini, kabla haijachanua. Chimbeni mpaka tako lote litoke, wala msikate juu tu. Vaeni nguo za mikono mirefu na fungeni mikono kwa kitambaa kizito, kwa sababu ya miiba na kwa sababu ngozi za watu wengine huwashwa. Matawi msiyatupe kiwanjani. Yawekeni juu ya mawe au mahali pakavu mpaka yanyauke kabisa. Mahali penye mteremko au kando ya bonde msing'oe pote siku moja, maana mvua itachukua udongo. Ng'oeni mstari, pandeni, kisha mstari mwingine. Na msiache ardhi wazi. Siku ile ile mliyong'oa, pandeni kitu. Kwa uzio uko mchongoma wa kwetu, wenye miiba ya kumzuia mwizi na matunda ambayo watoto waweza kula. Mwisho, rudini mahali pale kila baada ya miezi mitatu kwa muda wa miaka miwili au mitatu, mkang'oe miche michanga. Kazi ya siku ya kwanza yaonekana kubwa, lakini ushindi uko katika kurudi. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa waalimu twaongeza neno moja. Wapeni watoto kazi ya kuhesabu. Chagueni kiwanja kimoja karibu na shule, na kila mwezi watoto wahesabu vichaka vya lantana vilivyomo, waandike katika daftari. Wahesabu pia mimea ya asili iliyomo, na kuuliza majina yake kwa babu na bibi zao. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litawafundisha zaidi ya maneno yetu. Tena watoto watajua majina ambayo yameanza kupotea, kwa kuwa mti usiojulikana jina hakuna amliliaye ukikatwa.

Twajua Chamazi inabadilika upesi. Wamekuja watu kutoka kila upande. Wengine walihamishwa Kurasini bandari ilipopanuliwa, wakaanza maisha upya hapa, wakajenga kwa jasho lao. Hatumlaumu mtu kwa kukata kichaka ili ajenge nyumba ya wanawe. Nyumba ni haki yake. Lakini kila ajengaye huchagua atakachopanda kuizunguka nyumba yake, na uchaguzi huo haukomi kwenye ukuta wake. Ndege huuchukua. Na kila apikaye huchagua atapika kwa nini, na kwa kadiri gani. Gunia moja la mkaa lililopunguzwa kwa mwaka katika kila nyumba ni miti iliyobaki imesimama, na kivuli chake ni mlango uliofungwa.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Lantana ilikuwa mwiba mdogo uani. Leo ni boma kandokando ya misitu yetu. Hata hivyo misitu hiyo bado iko, sange bado anachakura majani ndani yake, na ile miti miwili yenye jina la Pugu bado yachanua. Mvua za vuli zikianza na udongo ukilainika, kila nyumba ing'oe shina moja pamoja na tako lake, na kupanda kitu kingine mahali pake. Aliyeng'oa na atuandikie alichopanda, tupate kuwajulisha wengine.

Wasalaam.